Nyumba yetu iko karibu na Mida, mbona hatuoni kitu?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tunaishi Nairobi. Miaka mitatu iliyopita tulijenga kijumba cha makuti karibu na mkono wa bahari wa Mida, upande wa Gede, tupate pa kupumzikia na watoto shule zikifungwa. Tuliambiwa huku ni peponi: ndege, kasa, vipepeo, msitu. Kusema kweli tunachoona ni kima wanaotuibia ndizi, kunguru na mbu. Desemba iliyopita tulikwenda Mida mara mbili saa 6 mchana, tukakuta maji matupu. Je, tunakuja wakati mbaya? Ni mwezi gani hasa wa kuja? Na mwanangu wa miaka minane anauliza: ni mnyama gani anayelia alfajiri nyuma ya nyumba kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye chupa? Hatujawahi kumwona." Mama wa wawili, Nairobi.

Marahaba, mwanangu. Swali la kijana nitalijibu mwisho, makusudi, ili usome barua yote.

Hamji wakati mbaya. Shule hufungwa Aprili, Agosti na Desemba, na mimi niliyetembeza wageni Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke kwa zaidi ya miaka 20, nikiambiwa nichague miezi mitatu tu ya mwaka, sitakwenda mbali na hiyo. Kilichowaponza ni saa. Mnashuka na saa ya Nairobi: chai saa 3, watoto wanavaa, ufunguo wa gari unatafutwa, mnafika Mida jua la utosi. Viumbe wa huku wana saa zao mbili, maji na upepo, na hakuna hata moja inayomngoja mtu amalize chai.

Nianze na maji, maana upepo mtauzoea wenyewe.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, hilo mnalijua. Lisilojulikana sana bara ni kwamba saa zake zinafuata mwezi, tena kwa utaratibu ambao mtoto wa mvuvi anaujua kabla hajajua kusoma. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile ukiandama, ni bamvua: maji hutoka mbali na kurudi juu sana, na tofauti ya kupwa na kujaa yaweza kufika mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja mwezi ni nusu na maji ni mafu: hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu, na mambo yamegeuka, saa 4 asubuhi yamejaa, alasiri yamepwa. Ndani ya Mida ongeza kidogo, kwa sababu maji yote yale yanapita kwenye mlango mwembamba kabla hayajaenea kwenye mikoko, kwa hiyo huchelewa.

Sasa tazama yaliyowapata. Mlifika saa 6 mchana mkakuta maji yamejaa. Mimi bila kufungua kalenda nakwambia zilikuwa siku nne au tano kabla ya bamvua. Siku ile ile, saa 2 asubuhi, pale pale mliposimama palikuwa na tope wazi na mamia ya ndege wakichokoachokoa. Mlipokuwa mezani mnakula mkate wa mayai, wao walikuwa wanakula wa kwao.

Usione haya, nami nilifanya hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliwapeleka watu sita Mida saa 6 mchana, darubini shingoni, maji mpaka kwenye matawi ya mikoko. Hapakuwa na hata mbawa. Mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama leo ni siku ya mapumziko ya ndege. Tangu hapo kijitabu cha maji hakitoki mfukoni mwangu.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Maji yakipwa kabisa, ndege wako mbali katikati ya tope, mnaona vidoti tu. Yakijaa kabisa, wamekwenda kulala juu ya mikoko na kwenye vijisehemu vikavu. Mnachokitaka ni maji yanayopanda, kwa sababu yanawasukuma ndege kuelekea kwenu hatua kwa hatua, mpaka unasikia miguu yao topeni. Kama ninyi ni watu wa asubuhi, njooni siku tatu hadi tano kabla ya bamvua, saa 2 hadi saa 4. Kama ni watu wa jioni, njooni siku mbili hadi nne baada ya bamvua, kuanzia saa 9 alasiri. Mimi napendelea jioni. Ukisimama upande wa barabara ya Mombasa na Malindi, kwenye lile daraja la mbao la kuning'inia linalopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, jua linakuwa mgongoni na kila unyoya unaonekana. Kiingilio kile lipeni bila kunung'unika, kinasaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka msitu na mikoko.

Kuhusu upepo nitasema machache. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi mpaka Machi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na joto linakuwa la kuvua shati. Kusi hushika Aprili mpaka Septemba, huja na masika, bahari huchafuka, mwani hurundikana ufukweni na wageni hukimbia. Kati ya hizo kuna malelezi, majira ya upepo mwepesi unaogeukageuka, na Oktoba hadi Desemba mvua za vuli. Ndege wa Mida huwasili Agosti na Septemba, na wengi huondoka Aprili, wakati ule ule majahazi ya Uarabuni yalipokuwa yakitweka tanga kurudi kwao.

Basi Desemba.

Yuko ndege mmoja pale Mida ambaye ningependa watoto wako wamwone kuliko wote. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivujivu, na mdomo mnene mweusi kama koleo. Mimi humwita mla-kaa, kwa kazi yake. Huzaa kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, tena kwa namna isiyo ya ndugu zake vitwitwi, wale ndege wadogo wa topeni: huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe mle ndani, kivulini, kwani juani huko yai litaiva. Kinda akishaweza kuruka, husafiri na mzazi mpaka kwetu. Na hapa ndipo pa kukaa kitako mtazame. Desemba utaona mla-kaa mkubwa anatembea topeni, nyuma yake anafuata mwingine wa kimo kile kile, rangi imefifia kijivu, kichwa amekiinamisha, analialia. Ni yule mtoto. Ameruka kutoka Uarabuni kwa mbawa zake mwenyewe na bado anadai kulishwa. Mzazi anamnasa kaa, anamtikisa, anamgonga mpaka magando yanatoka, anamkabidhi. Niliwahi kuwa na mama mmoja wa Mombasa ambaye alitazama jambo hilo kwa nusu saa, kisha akasema, "Huyo ni mwanangu wa chuo kikuu." Tangu hapo siwezi kumwona mla-kaa bila kumkumbuka mama yule.

Wengine ni vitwitwi wa namna nyingi, wadogo, kijivu juu na weupe chini, na msijisumbue mwanzoni kuwatenganisha. Anzeni na midomo. Mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu, mwili mkubwa wa kahawia, ni sululu. Mwenye mdomo uliopinda kidogo tu, mwili kama ngumi ya mtoto, huyo ametoka Siberia, kule ambako ardhi chini ya nyasi haiyeyuki barafu mwaka mzima. Tope la Mida linamlisha mpaka Aprili. Sehemu hii imehifadhiwa tangu 1968, pamoja na matumbawe ya Watamu, na mkiona chakula kinachotoka kwenye tope lile mtaelewa kwa nini: tondo, wale konokono wa mikokoni, waliojipanga kwenye mizizi, kaa wenye gando moja kubwa na jingine dogo wakipungiana kama watu wanaoagana stesheni, minyoo, uduvi.

Msiondoke jua linapozama. Kuanzia vuli mpaka mwisho wa kaskazi, keremkerem wekundu huja kulala kwenye mikoko ya Mida. Mchana wametawanyika mashambani wakinasa nyuki na panzi. Saa 12 jioni wanaanza kurudi, watano, kumi, kisha makundi, kifua chekundu na kichwa cha kijani cha bahari, na mkoko mzima unawaka. Mbu nao hutoka saa hiyo hiyo, hilo sitakudanganya. Vaeni mikono mirefu.

Kuna jambo la Desemba linaloonekana bila kutoka uani, ikiwa mna mbuyu karibu, na sijui kiwanja cha Gede kisicho na mbuyu karibu. Mibuyu yetu huchanua tangu Oktoba mpaka Desemba, na maua yake hufunguka usiku. Tafuteni mchana chipukizi lililonona, duara kama ndimu, linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu. Saa 12 na nusu wekeni mkeka chini yake, zimeni taa. Vile vifuniko vya kijani vinapasuka na kujikunja nyuma, unaviona kwa macho, na ndani yanatoka mapetali meupe yaliyokunjamana kama kitambaa kilichosahaulika mfukoni, na fungu la nyuzi za chavua katikati. Harufu yake si asumini. Ni harufu ya kuwaita popo, na popo wanakuja, wale wakubwa wa matunda, wanaliparamia ua, wanalamba, wanaondoka na chavua kifuani. Komba nao hupita. Kesho yake ua linanyauka, linakuwa la kahawia na kuanguka, mbuzi wanalila. Usiku mmoja tu, kisha kazi yote iliyobaki ni ya kutengeneza mabuyu ambayo watoto wako wanayanunua yakiwa yamepakwa rangi nyekundu.

Halafu itumieni bamvua ya Desemba kwa kwenda mwambani. Saa 4 asubuhi bahari imetoka, na vidimbwi vilivyobaki kwenye mwamba wa Watamu ni darasa tosha: viti vya pweza, majongoo bahari, samaki wadogo waliosahauliwa na maji, pweza mwenyewe mkiwa na bahati na macho. Vaeni viatu vya plastiki vinavyofunga kisiginoni, si malapa, kwa ajili ya miiba ya fuma, wale viumbe wa mwambani wenye miiba mwili mzima. Mguu wekeni mchangani, si juu ya matumbawe. Makombe na kauri yabaki pale pale. Ni eneo la hifadhi, tena nyumba hizo huhamiwa na kaa wasio na gamba la kwao. Na maji yakianza kurudi, rudini. Hayapigi honi.

Aprili watu wa Nairobi hupiga simu kuniuliza kama barabara inapitika. Mara nyingine haipitiki. Lakini mkija siku za mwanzo za mwezi, kabla masika haijakolea, mtakuta Mida kitu ambacho mgeni wa Desemba hakioni kamwe. Vitwitwi wale wa kijivu wamebadili nguo. Yule wa Siberia amekuwa mwekundu wa tofali tangu uso mpaka tumboni, amenenepa kwa mafuta ya safari, na jioni kundi linainuka, linazunguka, linashuka tena, kama watu wanaosema kwaheri mlangoni na hawatoki. Usiku mmoja wanakwenda kweli. Asubuhi unakuta tope tupu na vijana wachache, wale ambao hawajafikia umri wa kuzaa, waliobaki kula kusi nzima.

Kisha mvua ya kwanza. Hii haihitaji gari wala kiongozi. Jioni ya kwanza baada ya mvua nzuri, kumbikumbi hutoka ardhini, na wote wanaokula wadudu hukusanyika mezani: mijusi, vyura, ndege, watoto wa jirani wenye ndoo. Majongoo wakubwa weusi hutambaa njiani. Vimulimuli huonekana pembeni mwa msitu. Na kwenye madimbwi ya msituni, angalieni matawi yanayoning'inia juu ya maji. Mtaona kitu kama povu la sabuni, jeupe, kubwa kama embe, limegandama kwenye tawi. Hilo ni tundu la chura. Jike na madume wamelipiga povu kwa miguu usiku, mayai yamo ndani, juu povu limekauka kama kaimati iliyopoa na katikati ni bichi. Siku chache baadaye povu linalainika, na viluwiluwi wanadondoka mmoja mmoja, tone, tone, kwenye dimbwi lililo chini. Nimewahi kukaa chini ya tawi kama hilo na mwavuli, nikihesabu. Mke wangu alifikiri nimepotea.

Baada ya mvua ndipo vipepeo nao hujaa. Mkipita kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, mko karibu na mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaoishi kandokando ya msitu hufuga viwavi, wakishajifunga ndani ya ganda kuwa pupa hupelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Ni biashara inayomfanya mtu aupende msitu ukiwa umesimama, na watoto huruhusiwa kutazama.

Agosti ni mwezi wa msitu, na hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaousukuma Januari. Januari msituni ni jiko. Agosti kuna kipupwe, asubuhi unavaa sweta jepesi, na njia zimekauka. Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba 420 hivi, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki kwenye ukanda huu wa pwani, na si msitu mmoja. Upande wa mashariki kuna mchanganyiko wa miti mirefu. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni miti iitwayo mirihi, mwanga unapita. Magharibi kwenye udongo mwekundu ni kichaka kizito kinachochana mashati. Ndovu wamo, kwa hiyo msiingie peke yenu. Chukueni kiongozi pale kituo cha msitu cha Gede, saa 12 asubuhi, si saa 3.

Mwambieni awatafutie sange. Huyu wa hapa ana kiuno cha rangi ya dhahabu, kana kwamba alikalia rangi mbichi, na ni vigumu kumpata nje ya misitu hii. Ana ukubwa wa sungura mdogo, miguu myembamba ya paa, na pua ndefu inayozunguka kama mkonga. Kumwona ni kazi ya masikio: simameni kimya njiani, msikilize majani makavu. Kwanza mtasikia mchakacho kidogo, unaacha, unaendelea. Huyo anapekua majani kutafuta wadudu. Msisogee. Atatokea mwenyewe. Mkimtisha, atagonga majani kwa mkia kisha atakimbia kwa kurukaruka na kile kiuno kiking'ara mbele yenu. Kama watoto hawawezi kutembea mbali, yupo pia kwenye magofu ya Gede, na kule amezoea watu kidogo. Kwenye magofu hayo hayo, kuanzia Aprili hadi Oktoba, hutua ndege mwenye madoa meusi kifuani anayetoka kusini kukimbia baridi ya huko. Mnaona, hata ndege wana watu wa Desemba na watu wa Agosti.

Kijana wako akitaka bundi, mwambieni kiongozi neno "Sokoke" tu. Ni bundi mdogo kuliko glasi ya maji iliyosimama juu ya kitabu, wengine kijivu, wengine rangi ya kutu, na mbali na msitu huu anajulikana kuwepo chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala kichakani, na viongozi wazuri wanajua anapolala. Picha moja bila mwanga wa kamera, kisha mumwache.

Agosti pia tazameni baharini. Julai mpaka Septemba, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari za barafu za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, na siku ya upepo mdogo mkikaa juu ya mwamba wa Watamu na subira, mtaona moshi wa pumzi kwenye upeo, kisha mgongo. Kwa mashua ni karibu zaidi, ila mkataeni nahodha anayemkimbiza mnyama. Nyangumi mwenye mtoto anataka nafasi.

Nimewaacha kasa hadi sasa kwa sababu kuhusu hao nina ombi, si ratiba. Kasa wa kijani hupanda Watamu hasa kuanzia mwisho wa kaskazi na kuendelea katika kusi. Jike huja usiku, hutaga mayai mia na zaidi, hufukia na kuondoka, akiacha njia mchangani kama gurudumu la trekta. Mayai hukaa takriban siku 50 hadi 60, na joto la mchanga ndilo linaloamua: mchanga ukiwa moto hutoka majike wengi, ukipoa hutoka madume. Vifaranga hutoka usiku na kukimbilia upande wenye mwanga, ambao tangu dunia iumbwe ulikuwa bahari. Siku hizi mwanga ni taa ya veranda. Nimewaokota vifaranga kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni, wamezunguka taa ya bwawa la kuogelea mpaka wamechoka, na mwenye nyumba alikuwa mtu mwema ambaye hakujua. Mkilala ufukweni, taa za upande wa bahari zizimwe au zifunikwe, tochi iwe nyekundu, na mkiona njia ya kasa waarifuni watu wa Local Ocean Conservation pale Watamu, ambao wamekuwa wakilinda viota tangu 1997. Wao ndio watawaambia pia lini kiota kinatarajiwa kufunguka, na hiyo ni jioni ambayo watoto hawataisahau.

Sasa uwanja wenu, maana nusu ya mnachokitafuta kiko pale, au kilikuwepo kabla hamjafyeka. Watu wa Nairobi hufika, huona kichaka, humwita kijana wa panga. Acheni ukanda wa kichaka nyuma ya nyumba. Ule mtambaa wa maua ya zambarau ufukweni ni mlakasa, na ndio unaoshika mchanga. Msiung'oe mkapanda nyasi za kununua. Mwarobaini ung'oeni ungali mdogo, hata kama bibi wa jirani anautaka kwa dawa. Ndege hula tunda lake na kulisambaza, na umekuwa mgeni anayewafukuza wenyeji mpaka ndani ya misitu yetu. Apewe bibi ule mmoja mkubwa ulio barabarani. Kunguru nao ni wageni, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo hawajaacha kula mayai ya wenzao. Takataka zenu zifunikwe, watapungua. Kima msiwape chakula, na ndizi ziingie ndani. Hapo hakuna siri.

Na kijana wako. Mwambie huyo si mnyama, ni dudumizi. Ni ndege mzito wa kahawia, mkia mrefu, macho mekundu, anayeruka kama aliyebebeshwa mzigo. Husikika sana hewa ikiwa na unyevu, ndiyo maana wazee wetu husema anaita mvua. Hamjamwona kwa sababu mnatazama juu ya miti. Yeye hukaa chini, ndani ya kile kichaka ninachowaomba msikifyeke. Asubuhi baada ya usiku wa mvua, kabla ya chai, kijana akae mlangoni na atazame kilele cha kichaka kinachopigwa na jua. Dudumizi aliyelowa hupanda pale, hutandaza mbawa zote mbili kama nguo kwenye kamba, na hukaa hivyo mpaka akauke.